Kutoka Selander hadi Tanzanite: Historia ya Madaraja ya Mlango wa Mto Msimbazi

IGAMBA, SONGWE – Daraja la Selander jijini Dar es Salaam, ambalo wakazi wengi hulitamka Salenda, lilijengwa mwaka 1929 na linakaribia kutimiza miaka 100 likiwa bado linatumika. Kwa zaidi ya miaka 90 ndilo lililokuwa daraja pekee katika mlango wa Mto Msimbazi, mahali ambapo mto huo unaingia Bahari ya Hindi. Mwaka 2022 lilipata mwenzake, Daraja la Tanzanite, lililojengwa upande wa baharini.

Makala haya yanaeleza historia ya daraja hilo kongwe, sababu zilizoifanya Serikali kujenga daraja la pili jirani yake, na uhusiano uliopo kati ya uhai wa daraja na afya ya mto unaopita chini yake. Aidha, yanaeleza namna historia hiyo inavyowahusu wananchi wa Igamba na maeneo mengine ya Mkoa wa Songwe, ambao shughuli zao za kila siku zinategemea barabara, makaravati na madaraja.

Mlango wa mto uliogawa mji

Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, kusini magharibi mwa Dar es Salaam. Ukishakusanya maji ya vijito kadhaa, hupita katika bonde pana la Jangwani na kumwaga maji yake baharini kati ya Upanga na Oysterbay. Maji ya bahari yanapojaa huingia ndani ya bonde hilo, na yanapokupwa huacha tope na misitu ya mikoko ikiwa wazi.

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, kandokando ya bandari. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na Waingereza wakauteka mwaka 1916. Katika vipindi hivyo vyote, mlango wa Msimbazi ulikuwa mpaka wa asili upande wa kaskazini. Ofisi, maduka, stesheni ya reli na bandari vilikuwa upande mmoja. Ng'ambo kulikuwa na vijiji, mashamba ya minazi na pwani iliyoelekea Msasani, Kunduchi na Bagamoyo.

Daraja la mwaka 1929

Utawala wa Waingereza uliamua kuvusha barabara katika mlango huo. Daraja lililojengwa mwaka 1929 lilipewa jina la John Einar Selander, Mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Ujenzi katika Tanganyika chini ya utawala huo. Njia hiyo iliundwa kwa tuta lililoingia katika bonde na daraja lenye uwazi wa kupitisha maji ya mto na ya bahari.

Matokeo yake yalionekana mapema katika ramani ya mji. Oysterbay, eneo lenye upepo wa bahari, likawa ndani ya umbali mfupi kutoka ofisi za Serikali, na utawala wa kikoloni ukaliendeleza kuwa makazi ya maofisa wa Kizungu. Hivyo daraja liliungana na mpango wa mji wa wakati huo, uliogawa makazi kwa misingi ya rangi: Wazungu sehemu yao, Wahindi sehemu yao, na Waafrika katika maeneo kama Kariakoo na Ilala. Daraja liliunganisha kingo mbili za mto, lakini halikuwaunganisha watu wote kwa usawa.

Hali hiyo ilibadilika baada ya Uhuru mwaka 1961. Nyumba za Oysterbay zilianza kukaliwa na viongozi na watumishi wa Serikali ya wananchi. Makazi yaliendelea kupanuka hadi Msasani, Mikocheni, Kawe, Mbezi na Tegeta. Barabara inayopita juu ya daraja hilo sasa inaitwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, kwa heshima ya Rais wa Awamu ya Pili, na mbele yake inaendelea kuwa Barabara ya Bagamoyo.

Jina lililobaki

Majina mengi ya kikoloni jijini humo yaliondolewa. Barabara iliyojulikana kama Acacia Avenue ikawa Barabara ya Uhuru wa nchi kwa lugha ya wakati huo, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel, mpigania uhuru wa Msumbiji. Barabara ya kando ya bahari iliyoitwa Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama mwaka 2013, Rais huyo wa Marekani alipozuru nchini.

Jina la Selander halikuondoka. Sababu moja ni kwamba wananchi walikwishalifanya kuwa lao. Katika vinywa vya makondakta na abiria likawa Salenda, na wengi wanaolitumia kila siku hawalihusishi tena na mhandisi wa zamani. Ni jina la kituo cha basi, la kituo cha polisi na la mahali pa kuelekezana: mtu huambiwa ashuke kabla ya Salenda au avuke Salenda kwanza. Daraja lenyewe si refu wala halina nguzo za kuvutia macho, lakini limekuwa alama inayomwonesha msafiri kwamba sasa anaingia mjini au anatoka mjini.

Mji ulipokua kupita daraja

Takwimu za sensa zinaonesha ukubwa wa mzigo ulioongezeka. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2012 idadi ya wakazi wa mkoa huo ilifikia 4,364,541, na katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ikawa 5,383,728.

Daraja lililojengwa wakati magari ya mji mzima yalikuwa machache halikuweza kuhimili ongezeko hilo bila kubadilishwa. Katika miaka ya 1980 njia hiyo ilipanuliwa kwa msaada wa Serikali ya Japani. Upanuzi huo ulileta nafuu kwa muda, lakini makazi ya kaskazini yaliendelea kukua huku ofisi, hospitali kubwa, masoko na bandari vikibaki katikati ya jiji. Asubuhi magari yalielekea upande mmoja kwa wingi, na jioni yakarudi kwa msongamano uleule.

Tatizo halikuwa kuchelewa kazini pekee. Hospitali ya Taifa Muhimbili na hospitali nyingine kubwa zipo upande wa mjini, hivyo gari la wagonjwa linalotoka kaskazini hukutana na foleni ileile ya magari mengine. Vilevile, mvua kubwa zinaponyesha, Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara katika eneo la Jangwani kutokana na mafuriko ya mto huohuo wa Msimbazi. Hapo sehemu ya magari hutafuta njia nyingine ya kuvuka, na Selander ni miongoni mwa njia hizo. Jiji linalotegemea vivuko vichache huathirika kwa upana hata kimoja tu kinapofungwa.

Daraja la Tanzanite

Serikali iliamua kujenga daraja jipya mbele ya lile la zamani, likipita juu ya maji ya bahari badala ya kufuata tuta. Tarehe 20 Desemba 2018, Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, aliweka jiwe la msingi la mradi huo. Ujenzi ulitekelezwa na kampuni ya GS Engineering ya Korea Kusini chini ya usimamizi wa Wakala wa Barabara (TANROADS), kwa fedha za mkopo wa masharti nafuu kutoka Serikali ya Korea Kusini pamoja na mchango wa Serikali ya Tanzania. Gharama yake ilikuwa takriban Shilingi bilioni 243.

Daraja hilo lina urefu wa mita 1,030 na upana wa mita 20.5, likiwa na njia nne za magari pamoja na njia za waenda kwa miguu. Kwa kujumlisha barabara unganishi, mradi mzima una urefu wa kilomita 6.23. Linaanzia eneo la Hospitali ya Aga Khan, katika Barabara ya Barack Obama, na kutua upande wa Oysterbay karibu na ufukwe wa Coco. Lilianza kutumika tarehe 1 Februari 2022, na tarehe 24 Machi 2022 likazinduliwa rasmi na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan.

Wakati wa ujenzi wananchi wengi walikuwa wakiliita Selander Mpya. Jina lake rasmi, Tanzanite, linatokana na madini ya vito yanayochimbwa Mererani mkoani Manyara, ambayo hayapatikani mahali pengine popote duniani. Daraja la kwanza lilibeba jina la ofisa wa utawala wa kigeni. La pili limebeba jina la kitu kinachotoka katika ardhi ya Tanzania peke yake.

Namna daraja linavyobeba mzigo

Daraja la Tanzanite ni la aina inayounganisha mbinu mbili. Katika daraja la kawaida la zege, uzito wote wa barabara na magari hubebwa na mihimili iliyolala juu ya nguzo. Katika daraja la nyaya, kama Daraja la Nyerere la Kigamboni lililozinduliwa tarehe 19 Aprili 2016 likiwa na urefu wa mita 680, nguzo ndefu husimama juu ya barabara na nyaya nene hushuka kutoka kwenye nguzo hizo kuishikilia barabara.

Tanzanite lipo katikati ya aina hizo. Minara yake ni mifupi, na nyaya zake hushuka zikiwa zimelala zaidi. Sehemu ya uzito hubebwa na mihimili, na sehemu nyingine na nyaya. Faida yake ni kwamba nafasi kati ya nguzo moja na nyingine inaweza kuwa kubwa, hivyo nguzo chache zaidi huzamishwa ndani ya maji, bila kulazimika kujenga minara mirefu sana. Mbinu hiyohiyo imetumika katika Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi katika Ziwa Victoria, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025.

Kujenga katika mlango wa mto kuna changamoto zake. Chumvi ya bahari hupenya polepole ndani ya zege na kuzila nondo zilizomo. Nondo zikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa sababu hiyo, zege la daraja la baharini huhitaji mchanganyiko mzito na tabaka nene la kuzifunika nondo, na hukaguliwa mara kwa mara. Aidha, maji ya mto yanayotoka na maji ya bahari yanayoingia hukwangua mchanga kuzunguka nguzo. Ndiyo maana misingi huchimbwa kwenda chini sana, hadi kufikia tabaka gumu.

Mto ulio chini ya daraja

Historia ya Selander haiwezi kukamilika bila kuutazama mto. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa zilisababisha mafuriko jijini Dar es Salaam, na zaidi ya watu 40 walipoteza maisha. Bonde la Msimbazi lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya, na Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika katika viwanja vya Mabwepande. Mafuriko yamejirudia katika miaka iliyofuata, na hata karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani imejaa maji mara kadhaa.

Chanzo hakiko katika mvua peke yake. Ardhi ya juu ikikatwa miti na kujengwa bila mpangilio, maji hayapati nafasi ya kuzama ardhini, bali hukimbilia mtoni yakiwa yamebeba udongo na taka. Udongo huo hutua pale mkondo unapopungua kasi, yaani katika bonde la chini na katika mlango wa mto. Kina kikipungua, maji hupanda juu na kusambaa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mto huzuiwa na maji ya bahari na kurudi nyuma kuelekea makazi ya watu.

Katika hali hiyo, tofauti kati ya madaraja hayo mawili inaonekana wazi. Selander lilijengwa kwa kuingiza tuta ndani ya bonde na kuacha uwazi mfupi wa kupitisha maji, kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake. Tanzanite limesimama juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita moja, na maji hupita chini yake bila kubanwa. Mikoko iliyosalia katika mlango huo nayo hufanya kazi ambayo zege haliwezi: mizizi yake hushika udongo, hupunguza nguvu ya mawimbi na huwa mazalia ya samaki.

Serikali, kupitia TAMISEMI na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), inatekeleza mradi wa kuendeleza Bonde la Mto Msimbazi kwa ufadhili wa Benki ya Dunia na washirika wengine. Mradi huo unahusisha kupanua na kuchimba mkondo wa mto, kujenga daraja jipya la Jangwani lililoinuliwa juu ya usawa wa mafuriko, na kuwahamisha kwa fidia wakazi waliokuwa wakiishi katika maeneo hatarishi.

Mambo yanayowahusu wananchi wa Songwe

Barabara ya Morogoro, inayovuka bonde hilohilo la Msimbazi pale Jangwani, ndiyo mwanzo wa barabara kuu iendayo Morogoro, Iringa, Mbeya na kuishia Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kahawa ya Mbozi inayopelekwa bandarini na bidhaa zinazoingia nchini hupita katika barabara kuu hiyo. Kwa mkulima wa Igamba, safari ya mazao huanza katika barabara za vijiji, hukutana na barabara kuu Mlowo, na inaweza kukwama mahali popote palipo na daraja bovu.

Mkoa wa Songwe nao una mfano wake. Daraja la Momba, kati ya Kamsamba mkoani Songwe na Kilyamatundu mkoani Rukwa, limeunganisha wananchi wa pande mbili za mto katika Bonde la Ziwa Rukwa. Si refu kama Tanzanite, lakini kwa mgonjwa, mwanafunzi au mfanyabiashara wa mpunga anayelitumia, thamani yake haipimwi kwa mita.

Kwa mujibu wa mgawanyo wa majukumu, barabara kuu na barabara za mikoa, pamoja na madaraja yaliyomo, husimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na za vijijini husimamiwa na TARURA, iliyoanza kazi mwezi Julai 2017. Mwananchi anayeona ufa, nguzo iliyofukuliwa na maji, kingo iliyobomoka au karavati lililoziba anapaswa kutoa taarifa kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji au kata, au kwa ofisi ya wakala husika katika wilaya. Taarifa inayotolewa mapema huwezesha tatizo kurekebishwa kwa gharama ndogo kabla daraja halijasombwa.

Wananchi wanakumbushwa pia kuhusu sheria zinazolinda miundombinu hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari, kwa lengo la kuhifadhi kingo hizo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka eneo la hifadhi ya barabara, ambalo kwa barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Uchimbaji wa mchanga karibu na nguzo za daraja hufukua msingi wake, na wizi wa vyuma vya kingo na alama za barabarani huhatarisha maisha ya watumiaji wengine.

Kwa wasafirishaji, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, pamoja na ukomo wa uzito kwa kila mhimili wa magurudumu. Upimaji unaofanyika katika mizani, ikiwemo ya Mpemba karibu na Tunduma, unalenga kuzuia uharibifu ambao hauonekani kwa siku moja. Kila lori lililozidisha uzito huongeza uchovu katika mihimili ya daraja, na uchovu huo hujikusanya mwaka hadi mwaka.

Miaka 100 ijayo

Daraja la Selander halikustaafu baada ya Tanzanite kufunguliwa. Magari yanaendelea kulivuka kila siku, na mradi wa mabasi yaendayo haraka kutoka katikati ya jiji kuelekea Tegeta unafuata ushoroba huohuo wa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo. Madaraja hayo mawili sasa yanagawana mzigo ambao awali ulibebwa na moja.

Waliolijenga mwaka 1929 hawakuujua mji wa watu milioni tano. Walijenga kwa mahitaji waliyoyaona, na vizazi vilivyofuata vikapanua, vikatengeneza na hatimaye vikaongeza jingine. Umri mrefu wa daraja hilo umetokana na matunzo hayo, na mipango ya Bonde la Msimbazi ni mwendelezo wake. Kanuni hiyo haibadiliki kwa daraja la mita 1,030 la Dar es Salaam wala kwa karavati la barabara ya kijiji Igamba: mkondo ukiachwa wazi, kingo zikihifadhiwa na uzito ukizingatiwa, njia hubaki salama kwa wale watakaovuka baadaye.